Kwa Nini Redio Huzungumza na Mwenye Gari Ilhali Abiria Ndio Wengi?

Msomaji mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kufanya kazi ya uhasibu katika kiwanda kimoja cha Industrial Area ameniandikia barua ambayo nainukuu kwa ufupi: “Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 31 na sina gari. Kila asubuhi ndani ya matatu redio hunieleza barabara zilizofungana, bei ya petroli na gari linalofaa kununuliwa, nami nashuka steji nikijiona mshamba aliyechelewa maishani. Majuzi jirani yetu aligongwa akivuka barabara kuu iliyo karibu na mtaa wetu, na akafariki. Habari iliyotolewa ilikuwa ya sentensi mbili, na mojawapo ilisema kwamba alivuka mahali pasipofaa. Naomba uniambie, kati ya gari na vyombo vya habari, ni kipi kilichoibadilisha jamii yetu zaidi? Na je, nichukue mkopo wa sako ninunue gari?”

Ndugu yangu, poleni sana kwa msiba huo. Nitairudia kwa kirefu ile habari ya sentensi mbili, kwa maana sehemu kubwa ya jibu lako imo ndani yake, lakini hapana budi nianze na hesabu ambayo wakazi wengi wa Nairobi hawajapata kuisikia redioni. Mpango mkuu wa maendeleo ya mji uliokamilishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na wataalamu wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, uliambatana na uchunguzi wa safari za kila siku za wakazi. Ilibainika kwamba zaidi ya safari 40 katika kila 100 hufanywa kwa miguu, takriban 40 nyingine kwa matatu na mabasi, na zile za gari la binafsi hazifiki 15. Magari yameongezeka tangu wakati huo, na bodaboda zimeongezeka zaidi, lakini simama kando ya Jogoo Road saa kumi na mbili unusu asubuhi uone mwenyewe ni nani wanaoijaza njia. Wewe unayejiona umechelewa ndiwe mkazi wa kawaida wa mji huu, na mwenye gari ndiye aliye mmoja kati ya wachache.

Mgawanyiko huo ni wa tangu jadi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, na mitaa ya wafanyakazi Waafrika kama Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo ikaja kujengwa upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda, ili mtu aweze kufika kazini kwa miguu yake. Waliokuwa na magari walikaa upande wa magharibi, penye miinuko na miti. Mabasi ya abiria yalianza mwaka 1934. Matatu zilikuja baadaye kuziba pengo, zikapewa jina kutokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi, na ziliendesha biashara yao kimagendo hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Kwa hiyo gari lilipoingia katika mji huu lilikuta mahali pake pameshatengwa, na anayetembea naye alikuwa ameshapangiwa pake.

Tuje sasa kwenye redio yako ya asubuhi. Stesheni ya kibiashara hulipwa na wenye matangazo, na mwenye kutangaza bima, benki, vilainishi au viwanja hununua dakika zinazosikilizwa na mtu mwenye uwezo wa kulipa. Mtu huyo, kwa makadirio yao, yuko peke yake ndani ya gari kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Hana pa kukimbilia, na mikono yake imeshika usukani. Hapo awali hali haikuwa hivyo. Matangazo ya redio yalianza hapa mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, yakaja kuwa sauti ya serikali, na hadi stesheni ya kwanza ya FM ya kibinafsi ilipofungua mitambo yake Nairobi mwaka 1996 mhariri hakuwa na haja kubwa ya kujua msikilizaji ana nini mfukoni. Baada ya hapo stesheni zilimiminika, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, na kila moja ikajipangia kipindi cha saa za kwenda kazini na kingine cha saa za kurudi. Kipindi huandaliwa kwa ajili ya aliyeshika usukani, kisha kikasikilizwa na abiria 14 waliobanana naye, ambao hawakuchagua stesheni wala sauti iwe juu kiasi gani.

Sidhani kwamba kuna njama. Niliwahi kualikwa katika stesheni moja kuzungumzia vijia vya watembea kwa miguu, na kijana aliyekuwa akinihoji, mwerevu na mwenye adabu, alinisikiliza kwa dakika 20 kisha akafunga mazungumzo kwa kuniuliza: “Sasa Mwalimu, madereva wetu wafanye nini ili wafike mapema?” Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekuja kazini kwa gari, mtayarishaji wake pia alikuja kwa gari, na mji waliouona alfajiri hiyo ulikuwa na umbo la kioo cha mbele.

Angalia pia jinsi kalenda ya habari ilivyopangwa. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya EPRA hutangaza bei za mafuta zitakazotumika hadi mwezi ufuatao, na jioni hiyo hakuna taarifa ya habari inayoikosa. Ni jambo la haki, kwa sababu bei ya dizeli humfikia hata asiye na gari kupitia nauli na unga. Lakini nauli yenyewe haina tarehe yake. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, makanga wa matatu za Eastlands, mashariki mwa mji, hupandisha nauli papo hapo, wakati mwingine maradufu, na maelfu ya watu hubadili mipango yao ya usiku huo. Habari itakayosomwa ni kwamba mvua imesababisha msongamano wa magari. Mtu aliyelala bila kula kwa sababu pesa za mboga ziliishia kwenye nauli hana mahali katika taarifa hiyo.

Runinga nayo ina mazoea yake. Habari ya siasa nchini mwetu mara nyingi hufunguliwa kwa picha ya msafara: magari makubwa meusi yakifika kwa vumbi, milango ikifunguliwa kwa pamoja, kisha mheshimiwa akichomoza kupitia paa la gari na kuuhutubia umati uliosimama chini. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kuliuza gari kwa ufanisi kama picha hiyo inayorudiwa kila Jumamosi na Jumapili. Mtoto anayeitazama miaka 15 mfululizo hahitaji kuambiwa mtu mkubwa hufikaje mahali.

Hapo ndipo inapotoka ile aibu uliyoitaja, na kwa maoni yangu Nairobi imeipa aibu hiyo chombo chake cha kupimia, nacho ni nambari ya usajili. Nambari zetu hufuatana kwa herufi kadiri magari yanavyosajiliwa, na zile zinazoanzia KDA zilianza kutolewa mwaka 2020, hivyo hata mtoto wa shule anaweza kuangalia gari la mjomba na kukisia liliingia barabarani lini. Wakati huohuo sheria inaruhusu kuingiza gari lililotumika nje ya nchi mradi lisiwe limepita miaka minane tangu litengenezwe. Matokeo yake ni kichekesho: gari lililochoshwa na familia moja ya Japani kwa miaka saba hufika Mombasa, hupewa herufi za juzi juzi, na majirani hulipokea kama jipya. Mwenye gari aliyelitunza vizuri tangu enzi za KBA huonekana maskini mbele yake. Ukiona watu wazima wanahangaishwa na herufi tatu za bati, jua kwamba wanatafuta kusomwa na watu wasiowajua, na hiyo ndiyo kazi ambayo zamani ilifanywa na jina la ukoo au na kazi ya mtu.

Sasa nairudia habari ya jirani yenu. Nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi la kukusanya habari za ajali katika magazeti na tovuti za Kiswahili na kupigia mstari kila kitenzi pamoja na mtendaji wake. Matokeo huwa yaleyale. Gari ndilo lenye matendo yote: “lilipoteza mwelekeo”, “liliacha njia”, “lilimgonga”, “liliwaua watano”, breki nazo “zilikataa kushika”, hata barabara hupewa nafsi ikaitwa ya mauti. Dereva hujitokeza mara chache, aghalabu akiwa amefariki au ametoroka. Mtembea kwa miguu hupewa kitenzi kimoja tu cha kwake mwenyewe, nacho ni “alivuka”, na mara nyingi kimeambatana na “ghafla” au “mahali pasipofaa”. Msomaji akimaliza sentensi mbili za namna hiyo, mtu pekee aliyefanya uamuzi wowote katika tukio zima ni marehemu. Haiwezekani asilaumiwe.

Lugha yetu haitulazimishi kuandika hivyo. Kiswahili kina viambishi vya mtendaji vya kutosha, na mwandishi anaweza kusema “dereva alimgonga” kwa urahisi uleule wa kusema “gari lilimgonga”. Akiongeza ilikuwa saa ngapi, kama taa za barabarani ziliwaka, na kivukio cha karibu kilikuwa umbali gani, habari itakuwa na sentensi nne badala ya mbili, na lawama itaanza kutafuta mahali pake pa haki. Hili si suala la mapambo ya maneno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulichukua habari ya mtu aliyegongwa na gari, ikaandikwa kwa namna tatu, kila kundi la wasomaji likapewa namna moja. Waliosoma toleo lililomtaja dereva kama mtendaji walipunguza lawama kwa aliyegongwa. Waliosoma toleo lililoeleza pia hali ya barabara na ajali nyingine za aina hiyo walielekea zaidi kutaka barabara irekebishwe. Tukio lilikuwa moja, na maiti ilikuwa moja.

Tena mazoea hayo ya uandishi yana historia, na historia hiyo inakuhusu hata wewe uliyejiita mshamba. Miaka ya mwanzoni ya karne iliyopita, magari yalipoanza kuua watoto katika miji ya Marekani, magazeti ya huko yalikuwa upande wa wafu. Yalichora dereva kama muuaji. Mwaka 1923 katika mji wa Cincinnati zaidi ya watu 40,000 walitia saini ombi la kutaka kila gari lifungwe kidhibiti mwendo ili lisipite takriban kilomita 40 kwa saa. Wauzaji wa magari walishtuka, wakajaza magazeti matangazo ya kupinga, na pendekezo hilo likaangushwa kwenye kura. Chama cha watengenezaji wa magari kilijifunza somo. Kilianzisha huduma ya bure kwa magazeti: mwandishi alituma maelezo mafupi ya ajali, naye akarudishiwa habari iliyokwisha kuandikwa vizuri, na katika habari hizo kosa likaanza kuhamia kwa anayetembea. Pamoja na hayo likaenezwa neno la kejeli lenye maana ya mshamba asiyejua kutembea mjini, na kufikia mwaka 1925 mji wa Los Angeles ulikuwa na sheria ya kuwazuia watu kuvuka barabara watakapo. Kwa hiyo huo ushamba unaousikia moyoni ukishuka steji ulishawahi kutengenezwa kwa makusudi mahali pengine, ukalipiwa, na ukachapishwa.

Sisi tulikuja kuvifunga vidhibiti mwendo hivyo, miaka 80 baadaye. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda kwenye viti, mstari wa manjano ubavuni, na kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Vyombo vya habari vilimpa Michuki sifa alizostahili. Lakini soma kanuni hizo uone zilimlenga nani. Kidhibiti kilifungwa kwenye matatu, mabasi na magari makubwa ya biashara. Gari la binafsi, ambalo linaweza kupita Thika Road kwa kilomita 140 kwa saa usiku, liliachwa lilivyo. Sikumbuki mjadala wa maana redioni uliouliza kwa nini.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha kwamba watu 4,748 walikufa barabarani nchini mwaka 2024, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wakitembea kwa miguu. Gawa kwa siku za mwaka utapata zaidi ya watembea kwa miguu wanne kila siku. Basi likianguka bondeni na kuua watu 15, nchi nzima huomboleza, na ni haki iomboleze. Lakini wale wanne wa kila siku hufa mmoja mmoja, katika barabara tofauti, saa ambazo kamera imeshazimwa, na hakuna mhariri anayeweza kuwakusanya katika picha moja. Jirani yenu alikuwa miongoni mwao. Nadhani hili ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu fedha za barabara hufuata huruma ya umma, na huruma ya umma hufuata picha.

Mfano wa hilo uko juu ya vichwa vyetu. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022, na tangu Januari 2024 gari dogo linalopita kutoka mwanzo hadi mwisho hulipa shilingi 500. Wakati wa ujenzi ulizuka mjadala mkubwa kuhusu mti mkongwe wa mugumo wa Westlands uliokuwa kwenye njia ya barabara hiyo. Picha zake zilienea kila mahali, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe. Nilifurahi, na bado hufurahi nikipita hapo. Lakini waliokuwa wakitembea kando ya Mombasa Road katika vumbi, kisha katika matope, kwa miezi mingi, hawakupata mtetezi wa kiwango hicho. Mti ule ulikuwa na sura ya kupigwa picha. Na hapa kuna jambo jingine lisilo na sura: tangu mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ina sera rasmi inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itengewe watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Waulize abiria wenzako kesho kama wamewahi kuisikia.

Isije ikaonekana kwamba nawalaumu wanahabari peke yao, maana mara chache walizoshuka garini mji ulitikisika. Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ilizuia matatu kuingia katikati ya mji. Asubuhi hiyo kamera zilikuwa chini pamoja na watu: wazee wakitembea kilomita kadhaa, akina mama wenye watoto mgongoni, watu wenye ulemavu wakisaidiwa na wapita njia. Marufuku hiyo haikumaliza siku mbili. Sisemi kwamba ilikuwa sera nzuri au mbaya. Kwa kweli mji wowote unaotaka kupumua lazima upange mahali pa matatu kuishia. Ninachosema ni kwamba mara hiyo habari ilisimuliwa na waliokanyaga ardhi, na waliokuwa na mamlaka wakasikia.

Mfano wa zamani zaidi ni bustani ya Jeevanjee, na naupenda kwa sababu una mambo yako mawili kwa pamoja. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyeutoa uwanja huo kwa wakazi wa Nairobi, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa mwaka 1902, ambalo ndilo babu wa The Standard ya leo. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga bustani hiyo iwe maegesho ya magari ya ghorofa pamoja na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani, Wangari Maathai akamuunga mkono, barua zikajaa magazetini, na mpango ukafa. Leo mchana ukipita hapo utawakuta wanaume na wanawake wasio na magari wamekaa kwenye nyasi wakibishana juu ya habari za siku, wengi wao wakiwa wamesoma vichwa vya magazeti kwa kusimama mbele ya muuzaji bila kununua. Kama magari yangepata maegesho yao, mabishano hayo yangefanyiwa wapi?

Kuna mfano wa karibuni ambao sina uhakika wasomaji wote watakubaliana nami juu yake. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ukusanywe wakati wa kulipia bima. Katika mswada huohuo kulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Yote mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni, na wiki iliyofuata, baada ya maandamano na vifo vya tarehe 25, mswada mzima ukarudishwa. Ushuru ule wa gari ulikuwa umebuniwa vibaya: ungemtoza aliyeegesha gari mwezi mzima sawa na anayelizungusha mjini kutwa. Lakini sikiliza jinsi ulivyotangazwa. Ulielezwa kwa wiki kadhaa kama mzigo kwa “mwananchi wa kawaida”, kana kwamba mwananchi wa kawaida wa nchi hii ana gari. Mwezi uliofuata, Julai 2024, tozo ya matengenezo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25, na hiyo wewe huilipa ndani ya nauli yako kila siku. Kelele yake ilikuwa ndogo mno. Ukiulizwa tena kama abiria huchangia ujenzi wa barabara, una jibu.

Teknolojia ya simu imeanza kuvuruga mpangilio huo, ingawa si kwa kiasi kinachodaiwa. Ma3Route, programu ya simu iliyoanza mwaka 2012, iliwapa abiria nafasi ya kuripoti wenyewe hali ya barabara, uendeshaji mbaya na nauli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo viwili vya Marekani walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi njia na vituo, na Januari 2014 wakatoa ramani ya matatu za mji mzima. Fikiria hilo: usafiri unaobeba watu wengi kuliko mwingine wowote wenye magurudumu mjini ulikaa zaidi ya miaka 40 bila ramani ya umma, ilhali kila kituo cha petroli kiliuza ramani ya barabara kwa mwenye gari.

Basi kwa swali lako la kwanza jibu langu ni hili. Gari limebadilisha udongo wa Nairobi, na ukitaka ushahidi uko Uhuru Highway. Vyombo vya habari vimebadilisha hesabu tunayoifanya kichwani tunapojiuliza mji huu ni wa nani, na hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya wachache wenye magari waonekane wengi, kwao wenyewe na kwako wewe. Nikilazimishwa kuchagua nitachagua la pili, kwa sababu udongo huchimbwa na watu waliokwisha kuamini jambo fulani. Nasema hivyo nikijua kwamba gazeti lenyewe hufika Nakuru na Kisumu alfajiri kwa gari linalokimbia usiku kucha, na hapa mjini huuzwa na kijana anayepita katikati ya magari yaliyosimama kwenye taa, kichwa cha habari kikielekezwa dirishani.

Kuhusu mkopo sitakuzuia wala kukusukuma. Kama una mzazi anayehitaji kupelekwa kliniki kila wiki, watoto wa kufikisha shuleni, au biashara ya kubeba mizigo jioni, gari ni chombo cha kazi. Linunue ukiwa umeshajumlisha bima, fundi, maegesho, magurudumu na riba, kwa maana bei ya kununulia ndiyo gharama nyepesi kuliko zote. Kama sababu ni ile hisia ya kushuka steji, subiri mwaka mmoja. Kutoka Umoja hadi Industrial Area utakaa katika msongamano uleule unaokaa sasa, isipokuwa utakuwa unaulipia wewe peke yako na hutaweza kusinzia. Andika kwa mwezi mmoja nauli zako zote na dakika zako zote za njiani, ukiwemo mwezi wa mvua kama unaweza, kisha uzilinganishe na awamu moja ya mkopo. Nimewaona wengi waliolipa awamu zote 48 huku gari likishinda mtaani siku za kazi, wao wakipanda matatu kwa sababu ya bei ya mafuta.

La jirani yenu lisiachwe hivyo. Uliza kwanza barabara ile iko chini ya nani: zile za kitaifa huwa za mamlaka ya barabara ya KeNHA, zile kuu za mjini za mamlaka ya KURA, na nyingi za mitaani za kaunti, na barua ikipelekwa pasipo pake hupotea. Tembea kutoka kivukio kimoja hadi kingine ukihesabu hatua, urudie usiku ukitazama taa zipi zinawaka. Andika saa aliyogongwa. Nakala moja uipeleke kwa mamlaka na nyingine kwa mhariri wa chombo kilichotoa zile sentensi mbili, nawe uanze sentensi yako ya kwanza kwa jina lake, kazi yake na mahali alikokuwa akielekea, kama familia itaridhia. Ukipenda, nitumie kwanza niisome.